Kukaanga Ni Kufukuza Maji

Mhadhara kwa wapishi wa nyumbani juu ya vipapatio vya kuku vya Korea na Japani



Nilipoalikwa kuzungumza juu ya vipapatio vya kuku vya Kiasia, rafiki yangu mmoja alicheka. Aliniuliza nitayatoa wapi maneno ya saa nzima juu ya kipande ambacho kwao hupewa mtoto wa mwisho. Sikumlaumu. Nyumbani kwetu pia mgawo ulijulikana: firigisi ya baba, paja la mgeni, kidari cha wakubwa, na sisi watoto tuligombea shingo na vipapatio. Kipapatio kilikuwa ngozi, mifupa na subira. Lakini kwa sababu hiyohiyo, kwamba ngozi ni nyingi na nyama ni kidogo, hakuna kipande cha kuku kinachofaa zaidi kwa jambo ninalotaka kulieleza leo.

Jambo lenyewe ni moja. Mtu akionja kipapatio cha Kikorea kinachokatika kwa mlio, huuliza: wametia viungo gani? Swali hilo limebisha mlango usio wake. Ukavu ule hautoki kwenye viungo. Unatokana na maji: namna unavyoyatoa, na namna unavyoyazuia yasirudi. Kukaanga ni kufukuza maji. Mkiondoka hapa na sentensi hiyo peke yake, mengine mtayagundua wenyewe mbele ya karai.

Lugha yetu inalifahamu jambo hili. Kitu kikikauka sana twasema kimekauka kau. Vipande vyembamba vya viazi au ndizi vilivyokaangwa vikawa vyepesi tunaviita kaukau. Wakorea nao wana neno basak, linaloiga sauti ya jino likivunja kitu kikavu. Wajapani husema karikari kwa kilicho kigumu kidogo na sakusaku kwa kilicho chepesi. Lugha hizi hazina undugu na yetu, lakini zote zimelipatia sikio kazi ya kupima ukavu. Kumbukeni hilo, maana nitawaomba baadaye mpike kwa masikio.

Asia ni pana, na karibu kila pembe yake ina kuku wake wa kukaanga. Nitajifunga kwenye miji miwili: Daegu ya Korea Kusini na Nagoya ya Japani.

Wakorea walizoea kumchemsha kuku. Hadi leo, siku za joto kali, hula samgyetang, supu ya kuku mzima aliyejazwa mchele wa kunata na mzizi wa jinseng. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika mtaa wa Myeongdong mjini Seoul, kuku mzima aliyezungushwa kwenye oveni ya umeme alikuwa kivutio cha wenye nafasi. Kukaanga katika mafuta mengi kulisubiri mafuta yenyewe yapatikane kwa bei ya kawaida, na hilo lilitokea katika miaka ya 1970. Mwaka 1977 Lims Chicken walifungua ndani ya duka kubwa la Shinsegae mjini Seoul, wakauza kuku aliyekatwa vipande na kukaangwa. Kuku mzima akawa vipande, na kila kipande kikapata gamba lake.

Huko Daegu, kitovu cha ufugaji wa kuku, palikuwa na muuza kuku aitwaye Yoon Jong-gye. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliona wateja wakiteseka. Gamba la kuku wake lilikuwa gumu, likiwachubua kaakaa, na nyama ikipoa ilikuwa ngumu kumeza. Akaanza kutafuta rojo la kuipaka. Alijaribu viungo vya kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, lakini ladha haikukaa. Bibi mmoja jirani akamshauri aongeze mulyeot, sharubati nzito ya wanga. Hapo rojo likashika, likang'aa, na kuku aitwaye yangnyeom akazaliwa, karibu na mwaka 1980. Yangnyeom maana yake ni viungo tu.

Sasa tazameni fumbo alilowaachia waliomfuata. Umekaanga kuku akakauka kau, kisha unammwagia kitu chenye maji. Kuku huyo atabaki mkavu vipi? Mapishi ya Kikorea tunayoyajua leo yamekua katika kulijibu swali hilo: gamba liwe jembamba lakini imara, rojo liwe zito na kidogo. Kampuni ya Kyochon, iliyoanzia mji wa Gumi mwaka 1991, ilijipatia jina kwa kupaka rojo la soya na kitunguu saumu kwa brashi, kipande kimoja baada ya kingine. Anayepaka kwa brashi anapima maji. Anayemwaga kwa upawa anabahatisha.

Historia iliyofuata nitaipita haraka. Msukosuko wa uchumi wa mwaka 1997 uliwaachisha kazi watu wengi Korea, na wengi wao wakafungua vibanda vya kuku, kwa kuwa biashara hiyo haikudai mtaji mkubwa. Mwaka 2002, Korea na Japani zilipoandaa pamoja Kombe la Dunia, kuku wa kukaanga akawa chakula cha kutazamia mpira. Tangu mwaka 2013 Daegu ina tamasha la kila mwaka la kumsherehekea.

Nagoya ina hadithi fupi zaidi. Huko kipapatio huitwa tebasaki, na zamani kilikuwa cha kuchemshia supu. Mwaka 1963 mkahawa wa Furaibo ulifunguliwa, na mwanzilishi wake, Otsubo Kenko, akakipandisha cheo kikawa chakula cha mezani. Tebasaki ya Nagoya hukaangwa bila gamba zito, mara ya kwanza kwa moto wa wastani na mara ya pili kwa moto mkali, kisha hupakwa rojo la soya na kunyunyiziwa pilipili na ufuta. Mji mmoja uliongeza rojo tamu na mwingine ukategemea ngozi yenyewe, lakini yote miwili ilifikia kanuni ileile: kaanga mara mbili.

Na kanuni hiyo si ngeni kwetu. Mwangalieni muuza chipsi wa mtaani. Jioni kabla wateja hawajajaa, huvikaanga viazi hadi viive bila kugeuka rangi, akavitoa na kuvirundika pembeni. Mteja akifika, huvirudisha kwenye mafuta yenye moto mkali kwa dakika chache. Akiulizwa sababu, atasema anaokoa muda. Kumbe pia anafukuza maji kwa awamu mbili.

Niwaeleze sasa kinachotokea ndani ya karai. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mafuta ya kukaangia huwa kati ya nyuzi 160 na 190. Kipapatio kikiingia, maji yaliyo karibu na ngozi hugeuka mvuke papo hapo na kutoka kwa fujo. Mapovu mnayoyaona si mafuta yanayochemka. Ni maji yanayokimbia. Maadamu mvuke unasukuma kutoka ndani, mafuta hayaingii kwa wingi. Ndiyo maana chakula kilichotiwa kwenye mafuta yasiyopata moto hulowa mafuta: mvuke hauna nguvu ya kuyazuia.

Wakati huohuo mambo mawili yanaendelea. Chini ya ngozi, mafuta ya kuku yanayeyuka, na zile nyuzi ngumu zinazoifanya ngozi mbichi ivutike kama mpira zinalainika na kuwa ute. Ngozi haiwezi kukauka kabla ya hapo, na kazi hiyo inataka muda, haitaki moto mkali. Juu ya ngozi, unga unavuta maji, unavimba na kugeuka uji mwembamba, kisha uji huo unakauka na kuwa kama kioo. Hicho kioo ndicho kinachovunjika mdomoni.

Unapokitoa kipapatio mara ya kwanza, nje panaonekana pamekauka. Usidanganyike. Nyama ya ndani bado ina maji mengi na ina joto, na joto hilo linaendelea kuyasukuma maji kuelekea nje. Baada ya dakika tano gamba limeanza kulainika. Mpishi mwenye haraka husikitika kwamba kazi imeharibika, kumbe maji yamejileta yenyewe mlangoni. Unapokirudisha kwenye mafuta ya nyuzi 185 au 190, unayamaliza pale juu kwa dakika mbili au tatu bila kuikausha nyama. Rangi ya dhahabu nayo huja wakati huo, kwa sababu protini na sukari haziwezi kubadilika rangi ipasavyo penye maji. Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mabadiliko hayo mwaka 1912, na bado tunayaita kwa jina lake.

Je, unga gani? Ngano ina gluteni, protini inayoshika maji na kufanya gamba liwe nene, lenye asili ya mkate. Wakorea na Wajapani hupenda wanga mtupu, hasa wa viazi, ambao Wajapani huuita katakuriko. Wanga hauna protini ya kutosha kushika maji hivyo, na gamba lake ni jepesi. Ukiukosa, kornflawa ya dukani inafaa sana, maana ni wanga wa mahindi. Msichanganye na unga wa sembe, ambao ni nafaka iliyosagwa. Wanga wa mhogo nao unafaa: chukua mhogo mtamu, uukune, uuoshe kwa maji ndani ya kitambaa, uyaache maji yale yatulie, umwage yaliyo juu na uanike mashapo meupe yaliyozama. Nazungumzia huo wanga uliotuama, si unga wa mhogo wa kusonga ugali.

Sasa tuingie jikoni. Chukua kilo moja ya vipapatio. Kata kwenye viungio upate vipande viwili kutoka kila kipapatio, na ile ncha ya mwisho iweke kando kwa ajili ya supu. Vikaushe kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni, kila kipande pande zote. Najua desturi ya kumwosha kuku kwa limau. Wataalamu wa afya wanashauri kutomwosha kabisa kuku mbichi, kwa sababu matone yanayoruka hubeba vijidudu hadi kwenye vyombo na kachumbari. Kwa mhadhara huu nina sababu ya pili: unayaingiza maji ambayo dakika tano baadaye utahangaika kuyatoa.

Nyunyiza chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu na pilipili manga. Panga vipande kwenye wavu juu ya sinia, uviache kwenye friji bila kufunika kwa saa moja, au usiku kucha kama una nafasi. Hewa baridi ya friji ni kavu na itaikausha ngozi. Viweke rafu ya chini, mbali na vyakula vinavyoliwa bila kupikwa. Kitunguu saumu kibichi usikitie hapa, kitaungua. Nafasi yake iko kwenye rojo.

Kabla ya kukaanga, vigaragaze kwenye gramu 100 za wanga, kisha kung'uta kila kipande kana kwamba unatoa vumbi kwenye kanga. Gamba nene ni ghala la maji. Viache dakika kumi, wanga ushike.

Jaza karai mafuta yasiyozidi nusu ya kina chake. Pasha hadi nyuzi 160. Kama huna kipimajoto, chovya mpini mkavu wa mwiko wa mti: mapovu madogo yakipanda polepole kuuzunguka, uko karibu, yakipanda kwa kasi na kelele, umefika moto wa mara ya pili. Kaanga vipande vichache kwa dakika nane hivi. Ukijaza karai, joto la mafuta litaanguka, na hapo hukaangi tena, unachemsha kuku ndani ya mafuta.

Sikilizeni. Vipande vikiingia karai hupiga kelele kama mvua juu ya bati. Kadiri maji yanavyopungua, kelele inashuka na mapovu yanakuwa madogo. Sauti ikiwa ya manyunyu, toa. Vipange kwenye wavu, visilaliane, kwa dakika kumi. Pandisha moto hadi nyuzi 185, urudishe kwa dakika mbili au tatu, mpaka sauti inyamaze karibu kabisa na rangi iwe ya dhahabu. Katikati ya nyama joto lifike walau nyuzi 74. Msishtuke mkiona wekundu kando ya mfupa hata baada ya joto hilo. Kuku wa kisasa huchinjwa mdogo, na rangi ya uboho hupenya mfupani.

Hapa ndipo mimi nilipofeli mara ya kwanza. Nilikaanga vizuri, mara mbili, kwa subira. Kisha wageni wakachelewa, nami kwa heshima nikavitia vyote kwenye hotipoti na kufunga kifuniko. Tulipofungua, kila kipapatio kilikuwa kimelegea kama kitumbua cha jana. Nilikuwa nimefukuza maji kwa saa nzima, kisha nikayafungia chumba kimoja na kuku. Hotipoti ni chombo chema kwa wali na chapati. Kwa kitu kilichokauka kau ni kaburi. Wageni wakichelewa, viache kwenye wavu wazi baada ya kukaanga mara ya kwanza, na kama bado wako mbali sana viingize kwenye friji. Mara ya pili ifanye wakishaketi.

Rojo la Kikorea hutegemea gochujang, uji mzito wa pilipili, mchele wa kunata na soya uliochachushwa kwa muda mrefu. Unapatikana kwenye baadhi ya maduka ya vyakula vya Kiasia mijini. Changanya vijiko viwili vikubwa vya gochujang, viwili vya tomato sosi, kimoja cha soya sosi, vitatu vya asali, punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa na siki kidogo. Tomato sosi isiwashangaze. Wakorea wenyewe huitumia katika yangnyeom. Ukikosa gochujang, pilipili ya unga na tomato sosi zaidi zitakupa rojo tamu lenye ukali, ila ile ladha nzito ya uchachu hutaipata. Kwa mtindo wa Nagoya, chemsha soya sosi na sukari, tangawizi na kitunguu saumu. Wajapani huongeza mirini, ambayo ina kileo. Asiyetumia kileo aiache, aongeze sukari kidogo.

Vyovyote vile, lichemshe rojo mpaka mapovu yake yawe makubwa na mazito, yanayopasuka kwa uvivu. Mapovu hayo yanakuambia kwamba maji yamepungua na sukari imeshika usukani. Rojo zito hukaa juu ya gamba. Rojo jepesi hupenya. Paka kwa brashi au geuza haraka kwenye bakuli pana, rojo likiwa moto na kuku akiwa moto, nyunyiza ufuta, upeleke mezani. Kuanzia hapo maji yanarudi, na una robo saa ya fahari.

Nisisahau usalama, maana nao ni habari ya maji. Tone la maji likizama kwenye mafuta ya moto hugeuka mvuke na kupanuka zaidi ya mara 1,600, likirusha mafuta pande zote. Mafuta yakishika moto, usimwage maji hata kidogo. Zima jiko, funika karai kwa kifuniko cha chuma, na usilihamishe. Watoto wakae mbali, mpini wa chombo usielekee nje ya jiko. Mafuta yakipoa yachuje. Yakiwa meusi, yenye povu au harufu nzito, wakati wa kuyaacha umefika.

Ndugu zangu, mtanisamehe nikiwa nimewanyima siri mliyoitarajia. Bibi wa Daegu alishauri sharubati nzito, Nagoya ikachagua ngozi tupu, muuza chipsi wetu anarudia mafuta mara mbili, na kila mmoja alikuwa akijibu swali lilelile. Nanyi mtapata jibu lenu, kwa kuku wenu na karai lenu. Ila mkifika nyumbani msianze kwa kufungua kabati la viungo. Anzeni na kitambaa kikavu.